Kamera ya bei ndogo huchaguliwa kwa sikio

Nina dakika 47 za kambo wangu akizungumza. Ameketi kwenye kiti kifupi mbele ya jiko lake, Mutshatsha. Jua la saa kumi linamwangaza upande mmoja wa uso, na picha ni safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu shanga za shingoni mwake. Anasimulia, anacheka, anaimba kipande cha wimbo huku akipiga goti kwa kiganja. Lakini hakuna sentensi hata moja unayoweza kuiandika. Kinachosikika ni upepo wa kiangazi ukigonga kamera kama mtu anayekunja karatasi karibu na sikio, halafu kuku, halafu, kwa mbali, sauti ya mwanamke kama redio isiyoshika stesheni.

Alipomaliza aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha huku: "Mutoto, ulisha kukamata yote?" Nikamjibu: "Ndiyo, kambo, nilisha kukamata yote." Nilimdanganya bila kujua. Niliijua kweli siku tatu baadaye, nilipofungua faili kwenye kompyuta ya rafiki mjini Kolwezi. Nikajiambia kwamba nitarudi wakati wa likizo ya Noeli. Kambo alifariki mwezi wa Novemba.

Tangu hapo wenzangu wa mwaka wa pili na wa tatu, wale wanaotaka kupiga filamu ndogo au kurekodi hadithi za wazee kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo, huja kuniuliza swali lilelile: ninunue kamera gani kwa pesa kidogo? Makala haya ni jibu langu. Mimi si fundi wa sinema. Ni mwanafunzi wa lugha aliyenunua kamera mbili, ya kwanza vibaya na ya pili vizuri. Tofauti kati ya hizo mbili haikuwa katika bei.

Kilichoandikwa kwenye boksi

Kamera yangu ya kwanza niliinunua kwa dola 180, na wakati ule nilikuwa na dola 200 kwa jumla. Muuzaji alinionyesha maneno matatu kwenye boksi: HD, zumu kubwa, na idadi ya pikseli. Maneno yote matatu yanahusu jicho. Hakuna hata moja linalohusu sikio, na mimi sikuuliza.

Tuyapime maneno hayo kwanza. HD kamili ni picha ya nukta 1920 kwa 1080. Karibu kila kamera ya video iliyotengenezwa baada ya mwaka 2010 inaifikia, kwa hiyo neno hilo halikusaidii kuchagua. Ukipewa 4K, ambayo ina nukta mara nne zaidi, ujiulize kwanza kama kompyuta utakayotumia kuhariri inaweza kuibeba. Nyingi za kompyuta zetu hazibebi.

Zumu ziko mbili. Zumu ya lenzi inasogeza vioo na kuleta picha karibu kwa kweli. Zumu ya kidijitali inakata katikati ya picha na kuipanua, kama mtu anayekuza picha ndogo mpaka inakuwa madoadoa. Namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi kwenye boksi mara nyingi ni ya pili. Uitafute ile ya kwanza, na hata hiyo usiipende sana. Mtu anayesimulia mbele ya jiko lake hahitaji zumu ya mara 30. Anahitaji wewe usogee karibu.

Pikseli nazo, zinapotajwa kwa mamilioni mengi, mara nyingi ni za picha za kawaida zisizotembea. Kwa video kinachosaidia zaidi ni ukubwa wa kihisi cha mwanga kilicho nyuma ya lenzi. Kamera ndogo za bei nafuu zina kihisi kidogo mno, ndiyo maana ndani ya nyumba au jioni picha hujaa chembechembe. Dawa yake haina gharama: piga picha nje kivulini, au mkalishe mtu karibu na dirisha, uso ukielekea kwenye mwanga.

Zumu inavuta uso, haivuti sauti

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nilikuwa nimeweka kamera mbali na kambo, kama mita tatu, ili asiione sana na asiogope. Nikavuta zumu mpaka uso ukajaa kioo. Machoni nilikuwa karibu naye. Lakini maikrofoni ya kamera ilibaki palepale ilipokuwa, mita tatu mbali, katikati ya upepo.

Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, shinikizo la sauti hupungua nusu. Maikrofoni iliyobanwa kwenye kitenge cha msimulizi, sentimita 25 kutoka mdomoni, iko karibu mara 12 kuliko ile iliyo mita tatu. Kuku, pikipiki za akina wewa na watoto wanaocheza hawapungui wala hawaongezeki: wao wanabaki palepale. Hivyo maikrofoni ya mbali inachukua kila kitu kwa usawa, na ya karibu inamchagua mtu wako.

Upepo ni jambo jingine tena. Ukisimama kwenye upepo, sikio lako linajua kutenganisha. Maikrofoni haijui. Hewa inaugonga utando wake moja kwa moja, na mngurumo huo unafunika sauti ya mtu. Hakuna programu itakayourudisha usemi uliofunikwa hivyo. Nimejaribu kadhaa.

Kwetu sisi wa kitivo cha lugha hasara ni kubwa kuliko kwa mtu anayepiga filamu ya harusi. Kambo alikuwa anachanganya Kiswahili na Kindembo. Kindembo, kama lugha nyingi za Kibantu isipokuwa Kiswahili na chache nyingine, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno. Ukipoteza toni umepoteza maana, na hakuna profesa atakayekubali uandishi wako wa "nadhani alisema". Johannes Fabian, katika kitabu chake *Power and Performance* cha mwaka 1990, aliweza kuchambua maneno ya waigizaji wa kundi la Mufwankolo wa Lubumbashi kwa sababu maneno hayo yalikuwa yamerekodiwa na kuandikwa kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili chao wenyewe. Bila sauti inayosikika, kazi ya namna hiyo haianzi.

Hata kwa filamu za kutazamwa tu, hesabu ni ileile. Wengi wetu tumesikia habari za *Makala*, filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Imepigwa huku kwetu: mwanaume wa kijiji cha Walemba anakata mti, anachoma makala (ndivyo tunavyouita mkaa), anapakia magunia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka Kolwezi. Maneno ni machache. Uzito wa safari unaupata kwa kusikia: pumzi zake, mlio wa gurudumu, malori yanayompita kwa kasi. Ziba masikio na utaona jinsi kilima kinavyokuwa chepesi.

Matundu mawili

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni fupi. Kabla ya kuuliza bei, igeuze kamera, fungua vifuniko vyote vya pembeni, na utafute matundu mawili ya milimita 3.5. La kwanza lina alama ya maikrofoni au neno MIC: hapo sauti inaingia. La pili lina alama ya vipokea sauti vya masikioni: hapo unasikia kile ambacho kamera inasikia. Kama kamera haina tundu la kwanza, umefungiwa kwenye maikrofoni yake ya ndani maisha yake yote. Kama haina la pili, utarekodi kama kipofu wa sauti, na utajua matokeo ukifika nyumbani, kama mimi.

Usidhani kwamba kila kamera yenye jina kubwa inayo. Sony HDR-CX405, ambayo wengi huipenda kwa sababu ni ndogo, ina zumu ya lenzi ya mara 30 na inachajiwa kwa waya wa USB, haina tundu la maikrofoni ya nje wala la vipokea sauti. Canon HF R800, ya mwaka 2017, ni kamera ya rika lilelile na inayo yote mawili. Panasonic HC-V770 nayo inayo yote mawili, pamoja na kihisi kikubwa kidogo. Zote hizi si mpya tena, ndiyo sababu unaweza kuzipata kwa mtumba. Mimi nilipata moja ya familia ya HF R kwa dola 110, ikiwa na mikwaruzo mgongoni lakini lenzi ikiwa safi.

Maikrofoni yenyewe si ghali. Ya kubana kwenye nguo, kwa mfano BOYA BY-M1 yenye waya wa mita sita, niliinunua kwa dola 20 hivi. Inafaa kabisa kwa mzee anayesimulia akiwa ameketi. Kuna mambo mawili ya kujua juu yake. Ina kiswichi chenye nafasi mbili, moja ya simu na nyingine ya kamera. Ukisahau kukisogeza hutapata sauti. Na kwenye nafasi ya kamera inatumia betri ndogo ya duara aina ya LR44, ambayo huisha bila kuaga, kwa hiyo weka nyingine mfukoni.

Aina nyingine ni maikrofoni fupi ya kusimama juu ya kamera, kama Rode VideoMicro, inayokuja na koti lake la manyoya. Manyoya hayo si urembo: yanauvunja upepo kabla haujafika kwenye utando. Kwa maikrofoni ya nguoni sifongo peke yake haitoshi kwenye kiangazi chetu. Mimi nilishona kofia ndogo kutoka kipande cha blanketi lenye manyoya, na inafanya kazi.

Je, simu haitoshi?

Hili ni swali la haki, maana simu tunazo tayari. Mwaka 2015 Sean Baker alionyesha *Tangerine*, filamu ndefu iliyopigwa kwa iPhone 5s, na ikaingia kwenye sinema. Jibu langu ni hili: simu yenye maikrofoni ya nguoni inaishinda kamera isiyo na tundu la maikrofoni. Kama una dola 20 tu, nunua maikrofoni na utumie simu yako. Angalia tu kichwa cha waya: cha simu kina mistari mitatu myeusi, cha kamera kina miwili, na kifaa kimoja hakikubali cha mwenzake siku zote. Simu nyingi mpya hazina kabisa tundu la duara, kwa hiyo utahitaji kiunganishi.

Kamera ya video inaishinda simu mahali pengine. Betri unaitoa na kuweka nyingine. Kadi vilevile. Hakuna mjomba atakayepiga simu katikati ya hadithi. Lenzi inasogea kweli. Na kuna jambo nililoliona mwenyewe: mtu akikuona umesimamisha kamera kwenye miguu mitatu anajua kwamba umekuja kusikiliza, akikuona na simu mkononi anafikiri unaangalia ujumbe.

Kuna njia ya tatu, na kwa kazi ya lugha ndiyo ninayoipendekeza kama pesa inaruhusu: rekoda ndogo ya sauti pembeni, kwa mfano Zoom H1n, inayotumia betri mbili za AAA. Kamera nyingi za bei nafuu hubana sauti ili faili iwe ndogo. Rekoda inaweza kuiandika kwa WAV, bila kubana. Saa moja ya WAV ya stereo, ya kilohezi 44.1 na biti 16, ni takriban megabaiti 635, hivyo kadi ndogo inatosha siku nzima. Washa vyote viwili, kisha piga makofi mara moja mbele ya lenzi. Wakati wa kuhariri, picha ya viganja vikigusana na mshtuko wa sauti utavilinganisha kwa urahisi. Piga tena mwishoni, kwa sababu saa za vifaa viwili huachana polepole katika mazungumzo marefu.

Umeme, taa na nchi iliyotoka kamera

Laini kubwa ya umeme kutoka Inga inasafiri kilomita kama 1,700 mpaka Kolwezi, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye Lualaba si mbali na mji. Hata hivyo nyumba niliyofikia Mutshatsha haikuwa na umeme. Ukinunua kamera, hesabu betri kabla ya kuhesabu kitu kingine. Betri ndogo inayokuja na kamera hudumu kama saa moja ya kurekodi kweli. Uliza kama betri kubwa ya aina hiyo inapatikana, na kama chaja yake inakubali USB, maana hapo utaweza kuichaji kwa pawabenki au paneli ndogo ya jua. Jirani wa kambo alikuwa na paneli ya kuchajia simu za watu kwa malipo. Kamera yangu ya kwanza ilihitaji chaja ya ukutani, na paneli ile haikunisaidia kitu.

Kamera za mtumba hufika kwetu kutoka pande nyingi, na kila upande una alama zake. Familia moja ya Canon inaitwa Legria Ulaya, Vixia Marekani, na iVIS Japani. Majina hayo yana maana kwa mnunuzi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kama wa Ulaya, na taa za mirija zinazowaka kwa umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera ya Ulaya inapiga fremu 25 au 50 kwa sekunde na inakwenda sawa na taa hizo. Ya Marekani inapiga 30 au 60, na ndani ya ukumbi wenye taa za mirija picha inaweza kupepesa au kupitiwa na mistari. Kama umekwisha kuinunua usiitupe: tafuta kwenye menyu kasi ya shata na uiweke 1/50 au 1/100. Kwa mwanga wa jua tatizo hilo halipo. Ya Japani shida yake kubwa ni nyingine: nyingi zina menyu ya Kijapani peke yake. Washa na uone lugha kabla ya kulipa.

Utakutana pia na kamera nzuri za zamani za kanda za MiniDV, kubwa, zenye sura ya kazi, na bei ya kuchekesha. Tundu la maikrofoni zinalo mara nyingi. Lakini kanda moja ni dakika 60, kanda mpya ni za kutafuta kwa tochi, na kuhamisha picha kunahitaji tundu la FireWire ambalo kompyuta za leo hazina. Bei ndogo ile utailipia huko.

Kadi na kuhifadhi

Video ya AVCHD ya megabiti 17 kwa sekunde inakula gigabaiti saba na nusu hivi kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 inakupa kama saa nne. Tatizo ni kwamba kadi bandia zipo nyingi: imeandikwa 64, ndani ina 8, na ikijaa inaanza kuandika juu ya hewa. Ukinunua kadi, ijaze yote kwa mafaili ya kompyuta kisha uyasome tena, au tumia programu ya bure ya H2testw inayofanya kazi hiyo. Fanya hivyo kabla ya safari.

Ujue pia kwamba kamera nyingi hukata rekodi ndefu vipande vya gigabaiti nne au chini yake. Ukinakili kipande kimoja ukadhani ndicho chote, ukafuta kadi, umepoteza mwisho wa hadithi. Nakili folda nzima ya kadi kama ilivyo, kwenye sehemu mbili tofauti, kisha ufungue dakika ya mwisho uone kama ipo. Ndipo ufute.

Mganda Isaac Nabwana, wa kitongoji cha Wakaliga, Kampala, ni mfano wa pande zote mbili. Filamu yake *Who Killed Captain Alex?* ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa dola mia mbili hivi na leo inatazamwa dunia nzima. Lakini ili kupata nafasi ya filamu nyingine kwenye kompyuta, aliyafuta mafaili yake. Iliyobaki ni nakala yenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie, anayetania juu ya maneno ya waigizaji. Watu wanaipenda hivyo, na sauti ya VJ imekuwa sehemu ya sifa yake. Hata hivyo filamu ya asili haipo tena.

Mbele ya muuzaji

Ukikuta kamera ya mtumba, usione haya kuchukua nusu saa. Nenda na kadi yako, maikrofoni na vipokea sauti. Chomeka maikrofoni, vaa vipokea sauti, mwambie rafiki azungumze kwa sauti ya kawaida hatua tano mbali, akiwa na maikrofoni nguoni. Tikisa kidogo kichwa cha waya kwenye tundu: ukisikia mikwaruzo, tundu limelegea, achana nayo. Angalia kwenye menyu kama unaweza kuweka kiwango cha sauti mwenyewe. Kiwango cha kujiendesha hupandisha kelele kila msimulizi anaponyamaza, na wasimulizi wazuri hunyamaza mara nyingi.

Kisha piga picha ya ukuta mweupe, uone kama kuna doa lisilosogea. Vuta zumu mwanzo mpaka mwisho na usikilize kama lenzi inakwaruza. Vumbi jekundu la barabara ya Mutshatsha huingia kila mahali, na kamera iliyokwisha kulimeza haiponi. Rekodi dakika kumi mfululizo uone betri inavyoshuka. Mwisho, toa kadi, iweke kwenye kompyuta, na usikilize tena.

Mara ya pili nilikuwa tena na dola 200, na nilizigawa hivi: kamera 110, maikrofoni 20, vipokea sauti 5, kadi 10, betri ya pili 15, stendi ya miguu mitatu 25. Ikabaki 15 ya safari. Ukilinganisha na mara ya kwanza, kamera imepungua kwa dola 70, na hizo 70 ndizo zilizonunua sikio.

Na kabla ya kuwasha chochote, omba ruhusa. Kijijini pita kwa chifu, mweleze msimulizi rekodi itakwenda wapi, na karibu na migodi, reli au askari usitoe kamera kwenye mfuko bila karatasi.

Dakika 47

Nilirudi Mutshatsha kiangazi kilichofuata. Mji uko zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Kolwezi, kwenye reli ya kwenda Dilolo iliyounganishwa na ile ya Benguela mwaka 1931. Shangazi yangu mkubwa bado anaishi kwenye uwanja uleule. Nilimbana maikrofoni kwenye kitenge, nikavaa vipokea sauti, nikakaa hatua mbili kutoka kwake. Kisha nikamwekea kwenye kompyuta picha ya kambo isiyo na maneno.

Aliitazama kimya. Dakika ya tisa, kambo alipoinua mkono kuelekea barabarani na kuinama, shangazi akasema: hapo anasimulia vita vya 1977. Ni mwezi wa Machi, wapiganaji waliotoka Angola wanaingia Mutshatsha, na watu wanakimbilia porini na watoto mgongoni. Shangazi alikuwa mmoja wa watoto hao. Dakika ya thelathini na moja, kiganja kilipoanza kupiga goti, alicheka na kuanza kuimba, akafuata mkono ule pigo kwa pigo mpaka mwisho wa wimbo. Ulikuwa wa Kindembo. Safari hii kila neno lilisikika, na toni zake.

Sehemu nyingine alitikisa kichwa. "Hapa sijui alisema nini." Ukijumlisha, tulipata kama dakika 17 kati ya 47. Nimeziandika, na kila ukurasa unaonyesha wazi kwamba maneno ni ya shangazi, mikono ni ya kambo.

Tulipomaliza, shangazi aliuliza swali lile la mama yake kama lilivyo: "Ulisha kukamata yote?" Sikumjibu kwanza. Nilirudisha nyuma, nikamvalisha vipokea sauti, nikamwachia asikilize mwenyewe.